Koki ya Bwawa la Tingatinga

Walimwita Tingatinga kwa sababu ndiyo mashine aliyoiendesha mpaka akastaafu. Kazi yake ya mwisho aliifanya kwa ajili yake mwenyewe: aliziba korongo la shambani kwake kwa tuta la udongo. Mvua zikanyesha, bwawa likajaa. Chini ya tuta alipitisha bomba lenye koki, na maji aliyoyaachia yakawa yanawanywesha ng'ombe wa majirani na kumwagilia maharage ya shemeji yake, dada wa marehemu mkewe. Walimshukuru kila walipokutana naye, mpaka akazoea kushukuriwa.

Kisha akapandikiza samaki, na ukame ukaingia. Maji yalipoanza kushuka, akawaonea huruma samaki kuliko watu. Akafunga koki. Shemeji alipokuja kuuliza, alimjibu huku akichokonoa meno, "Imekamatwa na kutu, shemeji. Nimehangaika nayo hadi mgongo umegoma."

"Pole," alisema shemeji, akaondoka.

Maharage yalipoanza kujikunja, shemeji alirudi. Safari hii alikuja na majirani, majembe mabegani, pamoja na fundi bomba na mtaimbo wake.

"Tumekuja kukusaidia. Wewe kaa kivulini, mgongo huo usije ukakulaza."

"Msijisumbue jamani, nita…"

"Usumbufu gani? Si wewe uliyetunywesha miaka yote?"

Fundi akateremka kwenye shimo la koki. Koki ilizunguka kwa mkono mmoja, ikiteleza kwa grisi mpya. Maji yakaruka. Fundi akainua uso, akamtazama mzee. Mzee akatazama viatu vyake.

"Kweli, kutu ilikuwa imeshika," fundi aliwatangazia waliokuwa juu. "Sasa imeachia."

Watu wakapiga makofi. Mmoja wao hata akampa Tingatinga mkono wa pongezi. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kesho yake alimkuta shemeji aking'oa mistari ya maharage ambayo maji yalikuwa yameichelewea.

"Shemeji, ile koki haikuwa na kutu."

"Najua. Nilijua siku ileile. Mtu aliyelitawala tingatinga ashindwe na koki?"

"Sasa watu uliwaleta wa nini?"

"Nilidhani ukiona majembe utasema, 'Ngojeni, nijaribu tena mwenyewe.' Ungefungua, tungeshukuru, yakaisha." Akatupa shina kavu pembeni. "Ukanyamaza."

Hilo lilimuuma kuliko tusi. Majirani walipokutana kupanga zamu za maji, alisimama akasema yote, akawaachia koki waisimamie wao. Alidhani angepumua. Lakini alipokuwa akitoka, fundi bomba alimshika mkono.

"Mzee, mimi nilikusitiri. Leo umeniacha mwongo mbele ya wateja wangu."

Siku hizi watu wanamsalimia kama kawaida, na shemeji humletea maharage. Ila fundi akipita, Tingatinga hugeuka kuwatazama samaki, ingawa kwa jinsi maji yalivyopungua hawajanenepa.