Utomvu wa Papai Siku ya Kuposa

Kama mnataka kucheka, chekeni sasa hivi mmalize, maana nikifika katikati aibu itanikaba nishindwe kuendelea.

Miaka ile ya sabini nilikuwa fundi cherehani pale Gitega, umri umeshapita thelathini na tano, na nilikuwa nimepeleka maneno kwa kina Zaina, binti niliyetaka kumwoa, kule mtaa wa Gikondo, wakanikaribisha Jumapili nijitambulishe. Basi Jumamosi mteja akaniletea kitambaa amekifunga kwa gazeti la Kifaransa, nami (nilisoma shule kidogo, nikajiona profesa) nikakuta humo kwamba wataalamu wa Ulaya wamegundua utomvu wa papai bichi unafuta makunyanzi kwa saa chache tu. Wataalamu! Tena wa Ulaya! Mimi ni nani niwabishie?

Jumapili asubuhi nikajipaka uso mzima (na shingo, nisionekane kijana juu na mzee chini). Ikawasha. Nikasema aa, dawa inafanya kazi.

Rafiki yangu Rajabu, niliyemwomba awe mshenga, alipofika akarudi nyuma hatua moja.

"Yewe Hamisi! Sura yako iko wapi?"

Macho yalikuwa yamebaki mistari miwili, midomo imening'inia, ngozi nyekundu kama nyama buchani. Mtu mwenye akili angetuma salamu za kuahirisha, lakini mimi nikamwambia twende, uvimbe utashuka njiani. Haukushuka.

Mzee Saidi, baba yake Zaina, aliponiona akavuta kiti chake mbali, mama akaondoa vikombe haraka haraka, nikaona wazi wanadhani nimeleta ndui nyumbani kwao. Nikaropoka: "Ni nyuki tu, mzee!"

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Wakanionea huruma! Mama akaleta sindano anitoe miiba, jirani akaitwa kushika taa ya mkono, mzee mwenyewe akanishika kichwa, na wote wakanichungulia mashavuni kwa makini.

"Mbona miiba haiko?" akauliza mama.

Rajabu akawa anatazama dari. Ikabidi niseme yote, papai, gazeti, Ulaya, makunyanzi. Kisha nyuma ya pazia mtu akacheka mpaka akakohoa, na sauti ya Zaina ikauliza: "Na hao wataalamu walimpaka nani kwanza?"

Gazeti halikusema, nami sikuuliza.

Mzee Saidi akafuta machozi ya kicheko. "Nenda ukapone, kijana. Urudi na uso wako, ule tuliotajiwa."

Nilirudi, ngozi ikibanduka vipande vipande, na wakanipa binti yao (Zaina anasema ni kwa huruma). Tangu hapo redio ikisema wataalamu wamegundua, nauliza wataalamu gani, walijaribu kwa nani, na nani anauza. Makunyanzi sasa yamejaa uso mzima, na wallahi hata aje profesa mwenyewe na kopo mkononi, hagusi hata moja.