Hasira ya Daktari Felista

"Yule daktari anachuna watoto mashavu," jirani yangu Hajira aliniambia huku anapepeta mchele. "Humo mdomoni, kwa ndani. Halafu hicho kinyama anakishonea huko chini. Haya, mpeleke mwanao."

Nilikasirika, lakini si kwa Hajira. Alichosema ni kweli tupu.

Mwanangu Othmani alizaliwa tundu la mkojo likiwa chini ya uume, si kwenye ncha. Mkunga alinionya siku ileile: asitahiriwe kabla Daktari Felista hajamwona, maana ile ngozi ya mbele ndiyo ya kutengenezea njia ya mkojo. Nikamweleza mama mkwe. Akanicheka.

"Malaika kaanza kumtahiri tumboni, binadamu wamalizie. Mtoto wa Kiislamu akae na govi, kisa daktari?"

Nilienda sokoni na vitunguu vyangu. Narudi, nakuta ngariba, Mzee Abdulazizi, ameshamaliza, anakunywa chai yangu. Ngozi wameifukia uani.

Nilijua hospitali nitagombezwa mimi. Daktari Felista alimfunua mtoto, akavua glavu akazitupa ndooni kwa nguvu. Akamwita mama mkwe ndani.

"Shikamoo, mama," alianza, maana yeye ni mtoto wa kijijini, wa Kintinku, na hata akiwaka hasemi na mkubwa bila kumwamkia. Alipoitikiwa tu, akamshukia. "Kitambaa cha kumshonea mjukuu wako mmekifukia uani. Sasa mimi nishone na nini?"

"Ndiyo mila yetu, mwanangu."

"Mila imekataa kungoja, mama? Imekataa?"

Hasira hiyo ni ya zamani. Nesi Dorika, aliyeanza naye kazi, alinihadithia wodini. Felista akiwa daktari mchanga, waliletwa vijana wa bodaboda waliovunjika nyonga, njia ya mkojo imekatika. Wanatobolewa tumboni, wanawekewa mrija, wanaambiwa ndiyo basi. Mmoja, Sixbert, alitoka kijiji kimoja na Felista. Alikuwa anavaa koti jua kali aufiche mfuko wa mkojo, na mchumba akamkimbia. Felista akamuuliza mkubwa wake kwa nini hawamshoni.

"Mkojo si unatoka? Unataka nini tena?"

Basi akaenda kusomea kushona njia ya mkojo, miaka na miaka. Wenzake wamebaki kwenye miji mikubwa, yeye akarudi Singida. Akamtafuta Sixbert akamshona, na lile koti likatupwa.

Kwa Othmani aligawa kazi mara mbili. Kwanza alichukua ngozi ya ndani ya shavu, kwa sababu hiyo imezoea kuloa, akaitandika pale chini. Akangoja miezi mpaka ikashika. Ndipo akaikunja ikawa njia. Anavaa miwani ya vioo vya kukuza, na uzi wenyewe nilionyeshwa nisiuone. Fundo halikazi sana. Anasema nyama ukiibana inakosa damu, na ikikosa damu mshono unaachia, mtoto anarudi mezani.

Siku ya kumtoa mrija aliowekewa mpaka mshono upone, nilimshika mwanangu mikono. Mshono ukiachia, basi, maana pa kuchuna pengine hapakuwa pengi. Othmani akakunja uso. Mkojo ukatoka mbele, umenyooka, ukampata daktari kwenye koti jeupe. Mama mkwe akapiga kigelegele mpaka wodi ya pili wakasikia. Mimi nikalia.

Daktari alitabasamu kidogo tu. "Wameniletea mwingine jana, Mama Othmani. Kakatwa na mkono uleule."

"Afungwe!" nilipiga kelele. "Yule mzee afungwe, daktari!"

"Akifungwa, kisu kitashikwa na mpwa wake, naye hajui kitu." Akanikabidhi mtoto. "Nakuomba uende kwake. Najua unamchukia, hata mimi. Lakini mwamkie vizuri, uje naye hapa na huyu mtoto, nimwonyeshe kwa kidole tundu lilipokuwa, ajue watoto wa kuniletea kabla hajakata mwingine."