Tumpe Aliposimama kwa Ajili ya Darasa

Darasa la mwaka wa pili wa udaktari pale Mbeya halikuwa na mdomo mwingine zaidi ya Tumpe. Binti huyu wa Uyole, mama yake muuza viazi, alichaguliwa CR, kiongozi wa darasa, kwa sababu moja tu: haogopi mtu. Mwalimu asipotokea, Tumpe. Maji yakikatika bwenini, Tumpe. Na yeye alipenda, tusidanganyane.

Mtaala mpya ulipoingia, vipindi vya kupasua maiti vilipunguzwa, wanafunzi wakapelekwa wodini mapema. Kwa maneno, jambo zuri. Lakini wodini daktari anauliza, "Mshipa huu unapita wapi?" na wao wanatazamana, mgonjwa anasikia. Mzee mmoja wa Madibira alishusha shati lake akasema, "Niitieni aliyesoma." Siku hiyo Tumpe hakula.

Wakakutana mtaa wa Soweto, hapo hapo mjini, kwenye chumba alichopanga Zabron, ugali na dagaa katikati. Wakakubaliana: mkuu wa kitivo akija kusikiliza maoni, Tumpe aseme, kisha darasa zima lisimame kumuunga mkono. Wazo lilikuwa la Zabron mwenyewe, kijana wa Iringa ambaye kila asubuhi humwamkia Tumpe, "Kamwene, dada."

"Wewe anza tu, dada," alimwambia akimsindikiza. "Wa kwanza kusimama nitakuwa mimi."

Siku ikafika. Tumpe akasema, tena vizuri: hawaukatai mtaala, wanaomba tu vipindi virudi kabla hawajamgusa mgonjwa. Mkuu akavua miwani.

"Hayo ni yako au ya darasa?"

"Ya darasa, Profesa."

"Haya. Wanaokubaliana naye wasimame."

Loh! Madaktari wa kesho wakaganda vitini kama watoto waliovunja chungu. Tumpe akamtazama Zabron. Zabron alikuwa ameinama, anafunga kamba za kiatu. Kamba gani hizo zisizoisha kufungwa?

"Wewe mwenye kiatu," mkuu akasema, "unasemaje?"

"Mimi naona tunaendelea vizuri, Profesa."

Wakamruka kimanga, mchana kweupe. Mkuu akamwonya Tumpe aache kujisemea mambo yake kwa jina la wenzake. Tumpe akaketi. Kumbe wale dagaa alikula na watu wa namna hii!

Vipindi havikurudi. Mtihani wa wodini ukaja, ukaangusha karibu nusu ya darasa, Tumpe akiwemo. Jumamosi yake wakajazana mlangoni kwake, Zabron mbele na mkungu wa ndizi.

"Kamwene, dada. Tuliogopa. Yule mkuu ndiye anayetupa maksi. Nenda tena ukatusemee, safari hii hatukuangushi."

Tumpe hakuinuka kitandani upesi. Aliwatazama mmoja mmoja, wote wima, wamebanana mpaka koridoni.

"Kumbe kusimama mnajua," akasema, akaenda kufunga mlango.