Shosho Ndani ya Seli

Tangu nimalize masomo ya jioni hapa Nakuru, mtu mzima na kitambi changu, mimi ndiye profesa wa mtaa mzima wa Rhonda. Hakuna aliyenichagua. Nilimweleza muuza makaa jinsi mimea inavyojitengenezea chakula mpaka akahamia ng'ambo ya barabara. Sasa hata mbuzi wa mtaani wakiniona wanabadilisha njia.

Dada yangu mdogo, mwenye saluni, ndiye peke yake aliyekuwa hajanikimbia. Jumapili moja tulikuwa jikoni kwake tukimenya viazi, akaniambia bila kuinua macho kwamba ameshika uvimbe kwenye titi.

"Umeenda hospitali?"

"Kufanya nini? Mama aliugua kansa hapo hapo, na jeni zake ndizo zangu. Imeshaandikwa, bro."

Mama yetu alitibiwa akapona, na mpaka leo analima viazi kule Kuresoi kama tingatinga. Lakini dada alikuwa ameshajihukumu, akajifungia ndani, ufunguo akautupa ziwani kwa flamingo.

Nikaweka kisu chini. "Jeni haifanyi kazi yenyewe. Inatoa nakala ya maagizo, na seli inaisoma nakala hiyo ndipo itengeneze protini. Sasa njiani kuna viuzi vifupi sana, vinaitwa microRNA. Vinainasa ile nakala na kuinyamazisha, au inakatwakatwa kabisa."

"Ongea kama mtu, profesa."

"Haya. Unamkumbuka shosho na kuku?"

Akacheka kabla sijaendelea. Nyumbani tulipokuwa wadogo, wageni wakija, mama alimtuma mtoto shambani amwambie baba achinje kuku. Shosho, yaani nyanya yetu, alikuwa anakaa kando ya ghala, na mkono wake ulikuwa mrefu kuliko barabara ya Molo. Alimdaka mtoto kwa shati: "Umetumwa nini? Kuku? Keti hapa uchambue maharagwe." Ujumbe ukafia hapo. Mama hakubadilika, agizo lake lilikuwa lile lile, lakini kuku aliendelea kutaga.

"Na shosho akienda mkutano wa akina mama kanisani je?" nikamwuliza.

"Kuku wote kwisha! Tulikula mpaka jogoo wa jirani akaanza kulala juu ya mti."

"Na akikazana kupita kiasi?"

"Tunalala na sukuma wiki, wageni wanatusema mpaka Mau Summit."

"Basi ndani ya seli ni hivyo, vile viuzi ndio shosho. Hao mashosho wakipungua, seli zinaweza kuzaana ovyo. Wengine wakizidi, wananyamazisha hata maagizo ya kutulinda. Yote mawili yameonekana kwenye kansa. Jeni unayo, sikatai, na inaweza kukuongezea hatari. Lakini si yenyewe tu inayoamua."

Akamenya kiazi kimoja mpaka kikabaki saizi ya gololi.

"Kwa hivyo shosho wangu anaweza kuwa macho?"

"Anaweza. Ama amesinzia. Hapa jikoni hatuwezi kujua, hata mimi na cheti changu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mhadhara wa wiki mbili. Hakuuhitaji. Jumatatu alifunga saluni tukaenda hospitali. Muuguzi alipomwuliza amekuja kupimwa nini, dada akajibu kwa sauti ya kuhutubia uwanja: "Nipimeni shosho!"

Muuguzi akanitazama mimi. Ikabidi nieleze, na foleni nzima ikasikiliza kwa lazima, maana hakuna aliyekuwa tayari kupoteza nafasi yake. Muuguzi akasema kipimo cha namna hiyo wao hawana, watafiti bado wanahangaika nacho, lakini uvimbe wataupiga picha leo leo.

Ulikuwa kifuko cha maji tu. Daktari akamwambia arudi kuangaliwa kila mwaka, kwa sababu ya historia ya mama, na asingoje tena akishika kitu kipya.

Nje ya geti dada alimpigia mama simu, akamweleza yote kuanzia uvimbe. Mama alikuwa hajui lolote. Akaanza kumgombeza: siku zote hizo, umeninyamazia mimi, mimi niliyepitia! Alifoka hadi madereva wa malori kule Salgaa nadhani walipunguza mwendo. Dada alishikilia simu mbali na sikio, machozi yanamtiririka, meno yote nje, na hakuikata.