Senene wa Machoni

Jirani yangu aliolewa hapa Chonyonyo akitokea Mabira, upande wa Kyerwa, katika familia ya vibarua wenye asili ya Burundi. Alikuwa kiziwi tangu utotoni na hakupelekwa shule. Watu wa kwetu walimwita bubu, wakaona hakuna la zaidi. Lakini mimi nilimwona akizungumza kutwa nzima. Alizungumza kwa vidole, kwa mabega, kwa nyusi, na mumewe, ambaye anasikia vizuri, alimjibu vivyo hivyo huku wakipalilia migomba. Halafu wote wawili wakawa wanacheka mpaka jembe linawekwa chini.

Nilitamani sana kujua wanacheka nini. Mimi ni fundi wa kushona, cherehani yangu iko barazani, na kibanja chao, shamba lao la migomba, kinapakana na chetu. Nikaanza kumwuliza kwa kunyoosha kidole: hiki mnakiitaje? Mvua ilikuwa vidole vinavyoshuka. Mama mkwe wake alikuwa mkono kiunoni na midomo iliyobanwa. Mimi nilikuwa gurudumu la cherehani, mkono unaozunguka hewani. Hakuna aliyewafundisha alama hizo. Nyingine alizitunga na ndugu zake walipokuwa wadogo, nyingine alizitunga na mumewe baada ya harusi. Nilishangaa kwamba watu wawili wanaweza kujitengenezea lugha nzima na kuishi ndani yake.

Alipopata mimba ya kwanza alianza kliniki na mumewe. Baadaye mume akapata kibarua cha kulima Kyerwa, akawa anarudi Jumapili tu. Siku moja nilimwona jirani yangu akitoka zahanati peke yake, kadi mkononi, uso umevimba kwa hasira. Nikamwuliza kwa mikono: wamekupima? Akatikisa kichwa kukataa. Akanionyesha benchi, watu waliokaa, mdomo unaofunguka mlangoni na kuita, mtu mmoja anainuka, mwingine anainuka, yeye amekaa tu. Jina lake lilikuwa limeitwa, bila shaka zaidi ya mara moja. Angelijuaje?

Wiki hiyo ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa wanaoruka kwa makundi. Asubuhi alikuja barazani akanionyesha alama ambayo sikuwa nimeiona. Aliinua mikono mbele ya uso, vidole vikachezacheza huku na huku, kama vitu vidogo vinavyoruka. Nikafurahi kwamba nimeelewa bila msaada. Nikaingia ndani, nikamletea kibakuli cha senene wa kukaanga. Alikitazama, akanitazama mimi, akacheka kidogo, akala wawili kwa adabu. Kisha akarudia alama ile ile, safari hii bila kucheka, akashika kichwa kwa mikono yote miwili.

Nilimwangalia miguu. Ilikuwa imevimba, kandambili zimezama kwenye nyama. Nikaacha gauni la watu kwenye cherehani, tukaenda wote zahanati.

Muuguzi alikuwa peke yake siku hiyo, na benchi lilikuwa limejaa. Jina lilipoitwa nikamgusa bega, tukaingia.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba. Anaumwa nini?" Aliniuliza mimi, si yeye.

"Kichwa. Na kuna kitu kingine anasema, ila sikielewi. Nilidhani ni senene."

"Senene?"

Jirani yangu alikuwa akitazama midomo yetu, mara mdomo wangu, mara wa muuguzi. Nadhani alichoka kutungoja. Aliinuka, akaenda dirishani ambako jua lilikuwa limetoka baada ya mvua, akalikodolea macho, kisha akayafumba kwa nguvu. Macho yakiwa yamefumbwa, akafanya ile alama ya vidole. Akanigeukia na kunivuta mkono nisimame pale pale aliposimama.

Nikafanya kama yeye. Nikalitazama jua kidogo, nikafumba macho. Ndani ya giza la kope zangu vikaanza kuruka vimulimuli vyekundu na vya kijani.

"Anaona nyota," nilimwambia muuguzi. "Anaona vitu vinametameta."

Muuguzi alimketisha, akamfunga mkono kwa kipimo cha presha, akapima, akapima tena mkono wa pili. Akampa kikopo cha mkojo na kumwelekeza choo kwa kidole. Aliporudi, muuguzi akaupima mkojo, uso wake ukabadilika.

"Hizi ni dalili za kifafa cha mimba," aliniambia. "Hakijaanza, lakini kiko njiani. Anatakiwa hospitali sasa hivi. Mwambie namchoma sindano."

Kusema sindano ni rahisi, mtu yeyote anaonyesha. Lakini presha unaionyeshaje? Nilijaribu kuonyesha moyo unaopiga, damu inayopanda kichwani, mtu anayeanguka na kutetemeka. Alinifuatilia kwa makini. Sijui aliona nini katika ile michezo yangu, ila alilala na kuchomwa.

Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mgonjwa mwingine. Muuguzi alitoka akasimama katikati ya barabara na koti lake jeupe, akasimamisha pikapu iliyobeba mikungu ya ndizi. Dereva alitaka kusema neno, akamwona mjamzito, akafungua mlango. Nikaomba simu ya dereva kumjulisha mume, maana yangu ilikuwa imebaki barazani.

Hospitalini walitupokea haraka. Daktari, kijana mpole, alisoma karatasi ya muuguzi, akampima, akasema mtoto lazima atolewe kwa upasuaji. "Anaelewa?" aliniuliza. "Inabidi akubali mwenyewe."

Niliinama mbele ya kitanda. Nikachora mstari tumboni kwangu, nikaingiza mikono, nikainua kitu, nikakiweka pembeni. Alinitazama kwa muda mrefu usoni, si mikononi. Nikatikisa kichwa kukubali. Naye akatikisa. Akabonyeza dole gumba kwenye wino, kisha kwenye fomu ya kukubali, wakaondoka naye.

Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, mwenye sauti kubwa. Mume alifika jioni na matope ya shambani miguuni, akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono yao ikaanza kwenda kasi kiasi kwamba niliacha kufuatilia. Presha ilishuka polepole. Wakaruhusiwa kurudi nyumbani.

Maswali yangu hayakwisha. Mtoto alipoanza kukaa, tukiwa tumekaa wote tukimenya maharage mabichi, nilimwuliza alikuwa anawaza nini siku ile kabla ya upasuaji. Sikutegemea jibu refu. Aliweka maharage chini.

Alinionyesha mstari tumboni, kama nilivyoufanya mimi. Mikono inaingia, inainua kitu, inakiweka pembeni. Kisha akalaza shavu kwenye kiganja, akafumba macho, akafukia kitu ardhini kwa mkono.

Alidhani mtoto amekufa. Alidhani nimemwambia wanamtoa ili akazikwe. Aliingia kwenye chumba cha upasuaji akijua hivyo, na akajua sivyo pale tu alipowekewa mtoto kifuani akamwona anapumua.

Nilikaa na ganda la maharage mkononi. Nikamwuliza: sasa kwa nini ulikubali?

Akaninyooshea kidole, akatikisa kichwa chake chini na juu, polepole, akiniiga mimi.