Donati za Jemu Siku ya Posa

Mtaani kwetu Mabawa, Tanga, wananijua kwa maandazi. Wazazi walipofariki niliacha shule nikashika karai, na wadogo zangu wote wamekulia kwenye mafuta yale. Kwa hiyo mdogo wetu wa mwisho alipotakwa na kijana wa Raskazone, mimi ndiye niliyekuwa baba wa kupokea posa.

Shangazi wa kijana akanitumia ujumbe wa sauti. Aliwahi kuishi Ujerumani, na mpaka leo akili yake haijarudi. "Mwanangu, Wajerumani hutia jemu ndani ya donati. Waitaliano krimu. Ajentina wanatia maziwa yaliyopikwa na sukari. Andazi lenu ukilipasua mna hewa. Wageni wangu usiwalishe hewa."

Ajentina yeye alifika kwenye simu tu. Nilitaka kumjibu, mdogo wangu akanizuia. "Kaka, fanya tu. Watasema sisi mayatima hatujui kupokea watu. Wataghairi."

Nikaenda duka la dawa kununua bomba la sindano. Muuzaji akauliza mgonjwa ni nani. Nikamwambia, shangazi. Nikayadunga maandazi jemu moja moja, kama nesi wa zamu.

Wageni wakaja, wakakaa mkekani, chai ikamiminwa. Ulaya nzima hakuna aliyefikiria kwamba mtu wa Tanga andazi hulichovya. Baba mkubwa wa kijana, mzee wa Tongoni, akalimega la kwake, akachovya. Chai ikawa nyekundu. Kanzu nayo ikafuata.

"Mwanangu," akaniuliza, "hili umelichinja leo?"

"Donati haichovywi, kaka!" shangazi akamaka. "Inang'atwa!"

"Nimekuja kuposa, sikuja kufundishwa kula. Bwana mdogo, yale yenu ya kila siku hamna?"

Yalikuwepo, na mbaazi za nazi. Akalipasua moja, mle kwenye hewa akashindilia mbaazi, akala. Wenzake wakamfuata. Shangazi akabaki anavua jemu kikombeni kwa kijiko.

"Haya," akasema, "harusini tutaweka krimu. Krimu haichafui."

"Kwa hiyo harusi ipo?" nikamdaka.

Akarudi kwenye kijiko chake. Mzee ndiye aliyejibu. "Ipo, kama mwenyewe karidhia."

Kwetu mwali akinyamaza huhesabiwa amekubali. Wa kwangu, nyuma ya pazia, alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Mzee akatega sikio, akaifuta kanzu, akainua mikono tusome Fatiha.