Shosho aliyenishukuru kwa mfereji mkavu

Leo nimelalamikia bwawa mbele ya mtu ambaye mamake anaishi bondeni, chini ya bwawa hilo hilo.

Tulikuwa kwa foleni ya lori la maji hapa Kileleshwa, kila mtu na mitungi yake. Mifereji ya nyumba zetu imekauka wiki hii yote kwa sababu bwawa linapunguzwa maji ili ukuta wake urekebishwe.

Nikasema kwa sauti, "Si wangengoja mvua inyeshe kwanza?"

Mama Mwende, jirani yangu wa orofa ya chini, akanigeukia polepole.

"Mvua ndiyo tulikuwa tunaogopa," akasema. "Ule ukuta uko na ufa. Mamangu amekuwa akilala na viatu miguuni, ndio akisikia kishindo akimbie. Jana ndio amevua, maji yaliposhuka."

Jamani, nilitafuta pa kuficha uso.

Hapo hapo simu yake ikalia. Alikuwa mamake. Wakaongea kidogo, halafu akanipatia simu. "Msalimie."

Sauti ya taratibu ya bibi mzee ikaniambia, "Mwanangu, nasikia huko Nairobi hamna maji kwa sababu yetu. Asanteni kwa kuvumilia."

Mimi, ambaye sikuwa nimevumilia hata kidogo.

Nikasema tu, "Lala salama, shosho."

Na ilikuwa asubuhi.

Alicheka mpaka akakohoa. "Nitalala, mwanangu. Sasa nitalala."

Nimepandisha mitungi yangu kwa ngazi. Mikono inauma, lakini nashukuru sana kwamba kuna mtu aliuangalia ule ukuta mapema.

Wewe ungemjibu nini?